Mtoto wa Kwenye Kitabu

Mtoto wa dada yangu alifika Katonga ndani ya boti ya wafanyabiashara wa mawese, amefungwa kitenge cha mama yake mabegani. Alikuwa na miaka tisa. Dada alibaki Uvira, ng'ambo ya ziwa, kumtafuta mumewe, akanitumia ujumbe wa mdomo tu: nikae na mtoto mpaka atakapokuja. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, magari yakipita mitaani kukusanya watu na kuwapeleka kambini. Tulisikia kwamba mtoto asiye na mzazi anapelekwa peke yake. Sijui kama ilikuwa kweli, lakini niliogopa.

Mume wangu alifanya kazi bandarini. Tulikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, akisoma chekechea ya parokia. Tulikubaliana mgeni wetu asitoke nje. Sura yake haikuwa tatizo. Pale mtaani kwetu Buzebazeba majirani wengi, na sisi wenyewe, babu zetu walitoka ng'ambo ya ziwa. Kilichotutisha ni mdomo wake. Akisema tu, "Mama mudogo, miye siko na njaa," yeyote angejua hana muda mrefu tangu ashuke kwenye boti.

Kitabu alikuja nacho binti yangu kutoka chekechea, kwenye boksi la misaada walilogawiwa watoto. Kilikuwa cha picha, na maneno machache ya Kifaransa chini. Mimi Kifaransa sikijui. Mtoto wa dada alikuwa amefika darasa la tatu kule kwao, basi akawa anamsomea mwenzake mkekani, neno kwa neno, na pale aliposhindwa alitunga. Kilihusu msichana mwenye rafiki ambaye watu wengine hawamwoni. Wote walichorwa kwa rangi, ila huyo rafiki alikuwa mistari hafifu ya penseli. Mama wa msichana anamwekea rafiki sahani mezani, anamuuliza kama ameshiba. Kwenye ukurasa huo watoto walicheka mpaka wakalala chini. Nilifurahi kumsikia mgeni wetu akicheka, kisha nikaenda kufunga dirisha.

Adhuhuri moja nilikuwa nachambua dagaa uani, nikasikia hodi. Mtoto wa dada akaingia chumbani, chini ya kitanda, kama tulivyomfundisha. Aliyebisha alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole tuliyeheshimiana naye miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mwalimu wa chekechea anasema bintiyo anamtaja dada yake aliye ndani. Dada asiyetoka nje."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majirani, kwa askari, hata kwa homa ambayo tusingeweza kuipeleka hospitali. Mwanangu mwenyewe sikuwa nimemfikiria. Alikuwa kizingitini. Alinitazama, kisha akalitazama pazia la chumbani.

Nikaokota kitabu mkekani. "Ni huyu, mzee," nikasema, nikimwonyesha mistari ya penseli. "Kitabu kimemwingia kichwani. Anaongea naye, anataka tumpakulie na chakula."

Mzee alivaa miwani, akafunua kurasa taratibu, zote. Macho yake yakaenda kwenye kichanja cha vyombo. Sahani nne zilikuwa zinakauka.

"Kwa hiyo ndani hakuna mtoto mwingine?"

"Hakuna, mzee. Hayupo mtoto."

Nilisema kwa sauti, nikidhani sauti kubwa inafanana na ukweli. Alinirudishia kitabu, akaaga. Sikuweza kujua ameamini au la.

Nilipomwita mtoto wa dada atoke, hakuitika. Alitoka kwa wakati wake, gauni lake limejaa vumbi, akakaa kwenye kona. Chakula alikula tulipoondoka sote. Siku zilizofuata nilimwita mara tatu, mara nne, na alikuwa palepale akinitazama tu. Nilihangaika kwa mambo mawili: huku nasikiliza kila gari linalopunguza mwendo, huku namwona mtoto anazidi kunyamaza. Kile kitabu nilikificha juu ya kabati, binti yangu akalia.

Siku ya nne, au ya tano, nilikuwa namsuka.

"Mama mudogo," akasema, "ulimwambia ule mzee siko."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulisema vizuri sana."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia siwezi tena kumficha mtoto. Aliogopa, akasema tutafungwa, halafu akasema twende. Tulimkuta balozi nyumbani kwake. Nikamwambia, "Mzee, nilikudanganya. Mtoto yupo, ni wa dada yangu."

"Mimi nimeshawaambia wakubwa wa serikali walionituma kwamba kwako hakuna mtu," akasema. "Umenifanya mwongo, mama. Sasa nikaseme nini?"

Mume wangu alitazama chini. Mwishowe mzee akashusha pumzi, akasema, "Mpelekeni shule. Anayefichwa ndiye anayetafutwa. Mimi nitamweleza mwalimu mkuu kwamba ni mtoto wenu."

Jumatatu nilimpeleka shule ya Rusimbi kwa miguu. Alitembea akifumba macho kidogo. Jua lilikuwa limemzidi baada ya wiki nyingi za ndani. Karibu na lango akasimama.

"Wakiniuliza miye mtoto wa nani?"

"Sema wangu."

"Na mama?"

Nikamwambia mama anakuja. Kwa kweli sikuwa nimepata habari zake tangu siku ya boti. Akaingia. Nilisimama nje ya ua mpaka kengele ya mapumziko, nikiangalia mlango wa darasa, nikihesabu watoto waliokuwa wanatoka.

Dada alikuja mwaka uliofuata, bila mume, akamchukua. Siku hizi wanaishi tena Uvira, na tunapigiana simu. Siku ile ya balozi mimi na yule mtoto hatujawahi kuizungumzia, na mimi ndiye ninayeikwepa.