Shemeji Aliyekimbilia Lwakhakha

Siku dawa zilipoua uboho wa mume wangu, mtu pekee aliyeweza kumpa uboho mwingine alizima simu.

Hii sikusimuliwa. Ni yangu mimi, Nduta wa Kitale.

Wekoye, mume wangu, alikuwa na saratani ya damu. Daktari kule Nairobi alitueleza: tunaua kiwanda chote cha damu mwilini, halafu tunamwekea seli za ndugu yake zianzishe kingine. Zikikosekana, hakuna kurudi nyuma.

Ndugu aliyelingana naye kwa vipimo ni mmoja tu. Makokha, mdogo wake, wa Bungoma.

Na dawa zilikuwa zimeshaanza.

Nikakimbia Bungoma. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia, "Si alienda Lwakhakha, kule mpakani mwa Uganda. Ati mnataka kumtoa uti wa mgongo."

Nilichemka. Hawa wawili waliwahi kugombania shamba la baba yao. Nikajua tu, huyu anangoja mume wangu afe.

Nilimpata Lwakhakha kwenye kilabu cha pombe ya busaa, mrija mdomoni.

"Unamuua ndugu yako," nikamwambia.

Hakuniangalia. "Shemeji, mimi ni mlevi."

"Najua."

"Baba pia. Pombe ndiyo ilimzika. Kwetu ni Wekoye peke yake hakushikwa. Sasa nimpe damu yangu, aamke na hii kiu?"

Matusi yote niliyobeba njiani yaliniisha.

Nikampigia daktari, nikaweka spika.

"Makokha," daktari akasema, "hizo seli zinatengeneza damu tu. Kiu haimo. Lakini ndugu yako saa hii hana kinga hata ya homa. Unakuja?"

Makokha alilia mbele ya wanywaji wote. Kisha akasimama. "Twende."

Nairobi walimdunga sindano za kuongeza seli, wakazivuna kwa mashine kupitia mshipa wa mkono, wakamwekea Wekoye kwa dripu.

Tukangoja. Wekoye alijaa vidonda mdomoni, hata maji hamezi. Nilikuwa nishaanza kuwaza mazishi.

Halafu hesabu ya seli zake za damu ikaanza kupanda.

Leo analima. Hata grupu yake ya damu ilibadilika ikawa ya Makokha. Pombe hajaonja.

Makokha bado anakunywa. Akija kwetu amelewa, namtandikia kitanda.

Bana, mtu akikukimbia, usianze na matusi. Muulize kwanza anakukinga na nini.