Ng'ombe Aliyezikwa na Mchinjaji

Kaka yangu Gharibu alianza kuchinja ng'ombe wa mji wa Kasulu akiwa na miaka ishirini na moja, na mpaka anagonga hamsini hakuna aliyewahi kuuona mkono wake ukitetemeka. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo waliokuja kumwita mwoga wa damu, na hao nikikutana nao sokoni siwasalimii. Mimi ni Tunu, mdogo wake. Napika supu karibu na stendi, kwato, utumbo na kichwa, na kila kilichoingia kwenye sufuria yangu kilipita kwanza mikononi mwake.

Alikuwa na taratibu zake na hakutaka mtu azichezee. Kisu alikinolea nyumbani, kamwe si mbele ya mnyama. Mnyama hakumchinja mbele ya mwenzake. Mtu aliyemvuta ng'ombe kwa kumkunja mkia alifukuzwa machinjioni siku hiyo hiyo, hata kama ng'ombe ni wake. Akimaliza kazi ananawa, anakuja kwangu, anakunywa bakuli la supu kwa chapati mbili. Nilikuwa namtania kwamba anawabembeleza ng'ombe kuliko anavyombembeleza wifi yangu Kuruthumu, na Kuruthumu akinisikia alicheka, lakini si sana.

Mwishoni mwa mwaka 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipokuwa inafungwa, alikuja kwetu Mrundi mmoja anaitwa Havyarimana. Walijuana na kaka mnadani, miaka mingi. Mkristo, mkulima, mrefu, mtu wa maneno machache. Kambini hakuruhusiwa kufuga, kwa hiyo ng'ombe wake mmoja alimweka kwa mwenyeji wa Makere aliyekubali wagawane maziwa. Sasa mwenyeji yule amefariki, na malori ya kuwarudisha watu kwao yanapakia. Alikuja anamvuta ng'ombe kwa kamba, mkewe nyuma na bahasha ya vyeti vya watoto mkononi.

Huku kwetu Buha, kama kwao Burundi, mtu humpa mwenzake ng'ombe wa kutunza. Maziwa ni ya mtunzaji. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili wa mtunzaji. Ng'ombe akifa, mtunzaji anahifadhi ngozi mpaka mwenyewe aje aione kwa macho yake. Hakuna karatasi, na mtu akivunja masharti hata watoto wake hawatapewa ng'ombe na yeyote.

Nilimwuliza Havyarimana kama kweli ameona amkabidhi ng'ombe mchinjaji, watu wote walivyojaa Kasulu.

"Mama Asmahani," akaniita kwa jina la binti yangu, "huyu anajua kuua. Hawezi kuua kwa bahati mbaya."

Akamkabidhi kaka kamba na jina. Bihogo, kwa ajili ya rangi yake nyekundu iliyoiva. Aitwe kwa jina kila asubuhi kabla ya kukamuliwa. Na siku mtu anapokunywa maziwa yake asile karanga, maana ng'ombe ataumwa chuchu. Mimi ninayetia karanga kwenye kila mboga nikaona balaa limeingia nyumbani kwetu.

Kaka alizishika zile amri kama mwanafunzi wa madrasa. Kila akitoka machinjioni alioga kwanza na kubadili shati ndipo aende zizini, ati Bihogo asisikie harufu. Mwaka 2013 Bihogo akazaa mtamba, kaka akamwita Gaju, ndama wa Havyarimana kwa mujibu wa masharti. Nikamwona mzee mzima anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anazungumza na ng'ombe wawili habari za bei ya mahindi.

Hapo ndipo niliposema neno langu. Asubuhi moja anakunywa supu, anamsifia Bihogo kwa abiria wa Kibondo aliyekaa naye benchi moja, jinsi anavyoitika jina, jinsi anavyomjua kwa hatua zake. Nikamwambia, "Kaka, na huyo unayemtafuna naye aliitwa jina huko alikotoka." Abiria akacheka. Kaka akaacha kutafuna. Alikaa na lile tonge la nyama shavuni muda mrefu, kisha akalimeza kwa shida. Kesho yake akaja akanywa kama kawaida, nikadhani yamekwisha. Mimi mdomo wangu huwa unatangulia, natia akili baadaye.

Agosti 2014, wakati wa kufyatua matofali, Bihogo alikata kamba na kutumbukia kwenye shimo la udongo nyuma ya nyumba ya jirani yetu Leonidasi. Miguu ya mbele yote miwili ilivunjika. Kaka aliitwa mchana, sisi wote tukamfuata. Akashuka shimoni, akaishika ile miguu, akampapasa shingoni. Bihogo alipoitwa jina aliitika, na sauti ile naisikia mpaka leo.

"Nileteeni kisu," akasema. "Kikubwa, kilicho juu ya kabati."

Nilikwenda mimi. Nilipompa, niliuona mkono wa kaka yangu unatetemeka. Akakishika vizuri, akamziba Bihogo macho kwa kiganja, akasoma bismillahi. Ilikuwa mara moja tu, safi, kama anavyofanya siku zote. Halafu akakaa chini kwenye udongo pembeni yake.

Majirani walianza kuja na mabeseni, na hakuna ubaya katika hilo. Ng'ombe amechinjwa kihalali, amenona, hajaumwa hata kikohozi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtuma Asmahani kuleta sufuria kubwa. Kaka akachuna ngozi polepole, akaikunja, akamkabidhi Kuruthumu aitie chumvi. Kisha akachukua koleo la Leonidasi na kuanza kufukia.

Tulidhani anasawazisha mahali pa kukatia nyama. Mpaka udongo ulipofunika mbavu ndipo Leonidasi alipomwuliza, "Bwana Gharibu, unafanya nini?"

"Siwezi kumgawa kwenye mabeseni," akajibu.

Nilimfokea. Nilimwambia mambo ambayo mdogo hamwambii kaka yake mbele za watu, kwamba ni kufuru kufukia riziki, kwamba pale wapo watoto ambao tangu Idi hawajaonja nyama. Hakunijibu. Alifukia mpaka shimo likajaa, akalikanyaga kwa miguu, akaenda kuoga.

Kesho yake mji mzima ulikuwa unasema Bihogo alikuwa na kimeta. Kama mchinjaji mwenyewe kaizika nyama, nani asiye na akili ataendelea kununua? Bwana mifugo alikuja, akatazama ngozi, akamtazama Gaju, akasema hakuna ugonjwa wowote, lakini maneno yake hayakuwafikia wateja wangu. Wiki tatu nilikuwa nakunywa supu yangu mwenyewe.

Kaka naye hakuinywa tena. Machinjioni alikwenda, alichinja kama zamani, akaniletea kwato na vichwa. Akija benchini anaagiza chai na chapati. Hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Nikamwuliza, kama kula ni vibaya, kwa nini unachinja? Kama kuchinja si vibaya, kwa nini huli?

"Sijui, Tunu," akasema. "Nikichinja najua ninachofanya. Nikitia mdomoni sijui."

"Lakini wanaokula si wanakula ulichochinja wewe?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Nimekwambia sijui."

Nilimpeleka kwa ustadhi Lukmani, nikitumaini ataelezwa maneno ya kumaliza. Ustadhi alimwambia kuacha nyama si dhambi, ila asithubutu kukiita haramu kilichohalalishwa. Kaka akajibu kwa adabu kwamba haiiti haramu, ni koo tu linafunga. Ustadhi akamshauri anywe maji ya tangawizi. Tulirudi tulivyokwenda.

Kilichokuwa kinamla kwa ndani, Kuruthumu ndiye aliyeniambia, ni Havyarimana. Simu yake ilikuwa haipatikani. Kaka alikuwa na ngozi imekunjwa chini ya kitanda na hakujua siku atakayoifungua mbele ya mwenyewe atasema nini. Aliaminiwa kwa sababu anajua kuua, na amemuua.

Mei 2015, kwao kulipochafuka, Warundi walianza kuja tena, mabasi kwa mabasi, wakipelekwa kambi ya Nyarugusu kule Makere. Siku ya tatu baada ya mabasi ya kwanza, Havyarimana alisimama mlangoni kwa kaka. Alikuwa amekonda, kavaa viatu visivyofanana. Binti yake Uwimana alikuwa amejifungua njiani na mtoto yuko hai. Hakusema zaidi ya hapo kuhusu safari.

"Amahoro, mugenzi wanje," akamwambia kaka, yaani amani, rafiki yangu. Kisha akauliza, "Bihogo yuko wapi?"

Kaka akaenda kuleta ngozi. Akaitandaza uani, akakaa mbali nayo kama mtu anayesubiri kupigwa. Havyarimana akachuchumaa, akaipitishia mikono kuanzia mkiani mpaka shingoni, na pale shingoni mikono ikasimama. Kaka akamweleza yote, kamba, shimo, miguu.

"Pigo moja," akasema Havyarimana.

"Moja."

"Hukumtesa. Nilijua." Akapangusa mikono kwenye suruali. Nikamwona kaka anapumua. "Na nyama alikula nani?"

Kaka akaitazama ngozi. Mimi nikageukia mlango kana kwamba nimeitwa.

"Nilimzika," kaka akasema. "Sikutaka aliwe. Kwa heshima yako. Na yake."

Nilitarajia Havyarimana aguswe, ashukuru labda. Lakini uso wake ulibadilika vibaya, na sauti haikupanda hata kidogo.

"Majirani walikuwa hawana njaa?"

"Walikuwa nayo."

"Basi ulimuua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya miguu. Alikuwa anaumia."

"Hiyo ni sababu ya yeye kufa. Nakuuliza sababu ya yeye kuwa ng'ombe." Akaionyesha ngozi. "Alinilea miaka sita kambini. Watoto wangu wamekua kwa maziwa yake. Na siku yake ya mwisho ungemwacha alishe watu, kama alivyozoea. Wewe ukamtupa kwenye shimo la matofali."

Kaka alilia. Sikuwa nimemwona analia tangu msiba wa mama yetu, na nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba miezi tisa nimekuwa nikimwambia maneno hayo hayo. Ila yalipotoka kwa Havyarimana sikuyafurahia. Nilitaka kumtetea kaka, na sikuwa na cha kumtetea nacho.

Havyarimana akaenda zizini, akamtazama Gaju, ambaye sasa alikuwa na mimba. Kambini tena hawezi kufuga. Akarudi na kamba mkononi.

"Huyu ni wangu, namwacha tena," akamwambia kaka. "Sharti ni moja tu limeongezeka. Siku yake ikifika, watu wamle. Na wewe uanze."

Kaka akaitazama ile kamba. Kila mtu pale alijua anavyompenda yule ng'ombe, na neno moja tu lingetosha. Angeweza hata kudanganya.

"Siwezi kukuahidi," akasema. "Sijui kama nitaweza."

"Nitamla mimi," nikasema. Mdomo wangu, kama kawaida yake. "Nipe mimi. Mimi napika supu, nitamla yeye na mkia wake."

Havyarimana akanipa kamba.

Sasa ni Desemba. Gaju yuko uani kwangu, amezaa dume. Kila asubuhi kabla sijainjika sufuria ya kwato nakwenda kumkamua, na namwita jina, maana asipoitwa anabana maziwa. Siku hizi anaitika kabla sijafungua mlango. Kaka anamletea majani kila jioni baada ya kuoga, na Asmahani ananilalamikia kwamba mboga zangu hazina karanga. Supu naendelea kuuza, ila kuonja chumvi namwachia mteja.

Jumapili Havyarimana akija kumtazama ananiuliza kama nakumbuka ahadi, namjibu kwa sauti kubwa kwamba nakumbuka. Ahadi ni ahadi. Kwenye sala namwomba Mungu anichukue mimi kabla ya Gaju.