Karata Ikifika Jamvini

Watu wa Ipuli walimjua Anselm kwa milango na vitanda. Alizaliwa Goweko, akaja mjini kijana na randa ya kuazima, na kufikia miaka ile baada ya vita vya Hitla, nyumba nyingi za Tabora zilikuwa zikifungwa kwa milango yake. Alikuwa fundi wa kweli: ukimwagiza kitanda cha Ijumaa, Ijumaa unakilalia. Tena alikuwa mbishi, jambo ambalo watu hawakulitarajia kwa mtu mpole wa kanisani. Ubishi wake wote aliupeleka mahali pamoja tu, kwenye baraza ya duka la Hilali, Jumamosi alasiri, karata zikigawiwa.

Walikuwa watatu. Hilali mwenye duka, Mwarabu wa Tabora ambaye babu zake walikuja na misafara ya pembe na wasirudi tena Omani. Shomari, Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli. Na Anselm mwenyewe, Mnyamwezi. Mchezo wao waliuita Msafara, na Hilali aliurithi kwa baba yake. Humo hakuna kumfunga mwenzako. Wote mnapanga safu nne jamvini, kila aina ya karata safu yake, kuanzia ree, yaani moja, kwenda juu, kila mtu kwa zamu, na zamu hairukwi. Mmoja akikosa cha kuweka, au akiweka pasipo pake, wote mmeshindwa. Kwa hiyo kazi ni kumfungulia mwenzako njia bila kujua ana nini mkononi.

Masharti marehemu baba huyo aliyaacha kwa mdomo, nayo yalikuwa mafupi mno. La kwanza: jamvini asiseme mtu. La pili: karata ikifika jamvini hairudi. Basi. Mzee wa watu akaenda zake bila kufafanua, akawaachia hawa watatu kazi ya kugombana. Je, kukohoa ni kusema? Na kuguna je? Walibishana mpaka kahawa ikapoa, na Hilali, aliyejiona kadhi wa baraza, akaamua kwamba kikohozi kinaruhusiwa kwa mwenye kifua tu. Na huko kufika ni kufika kupi? Kona ya karata inapogusa jamvi, au mpaka vidole viiachie? Hapo Anselm hakuwa na msamaha. Shomari aliwahi kugusisha ncha ya kopa akataka kuirudisha, Anselm akamdaka mkono.

"Imefika," alisema. "Mguu mmoja ukiwa Tabora, umefika Tabora."

Hilali akakubali, na ikawa sheria.

Kilichobaki nje ya sharti la kwanza kilikuwa utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hashikwi kwa analosema. Hilali aliamua kwamba matusi ya Shomari kwa Anselm, na ya Anselm kwa Shomari, hayahesabiwi kuwa ni kusema, mradi yasitaje karata. Basi hao wawili wakawa wanarushiana alasiri nzima, na Hilali peke yake ndiye aliyeshika sharti la baba yake.

Kisha Tekla, mke wa Anselm, akafa kwa homa wakati wa masika. Anselm alimchongea jeneza mwenyewe, akakataa kusaidiwa hata kushikiwa ubao.

Siku ya maziko watu walimtazama Shomari. Kazi ya mtani msibani inajulikana: ajitupe kaburini, adai kitu ndipo atoke, aigize marehemu alivyotembea, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Ndivyo mfiwa anavyovushwa msiba. Shomari hakufanya hata moja. Alisimama nyuma, kofia ya reli mkononi, akalia kwa kwikwi. Anselm alimwona. Alimngojea mpaka udongo wa mwisho ulipomiminwa, kisha akaenda nyumbani na kitu kizito kifuani ambacho hakumtajia mtu. Ilikuwa hasira.

Aliporudi barazani baada ya arobaini, wenzake walikuwa si wale. Hilali alimwekea mto wa kuegemea. Shomari alicheza kwa adabu, akimpa pole akifika na pole akiondoka. Tusi hata moja hakuna. Jamvi likawa kimya kabisa, vile vile sharti lilivyotaka, na Anselm akaona ukimya ule unamla. Nyumbani alikuwa nao wa kutosha. Lakini angemwambiaje mtu, nitukane? Utani hauombwi.

Jumamosi moja zamu ilimfikia akiwa na sita mbili nyeusi mkononi, ya pau na ya shupaza. Mawazo yalikuwa mbali. Akaiweka ya pau juu ya tano ya shupaza, na kabla hajaiachia akaliona kosa lake. Wote waliliona.

"Irudishe tu," alisema Hilali taratibu. "Hujaiachia. Haijafika hiyo."

"Imefika, Bwana Hilali. Tulikwisha amua."

"Sharti halikutaja kona. Linasema kufika tu. Huenda marehemu baba alikusudia..."

"Mbona hakukusudia hivyo nilipomdaka Shomari mkono?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Wema wao aliuelewa, na ndio uliomuuma. Walikuwa wakimlegezea sharti kama anavyolegezewa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. "Mnanihurumia mpaka kwenye karata? Nimekosea, tumeshindwa wote. Nitukaneni basi!"

Anselm akamgeukia Shomari, na lile alilolificha likatoka lote.

"Na wewe Mzaramo, mtani gani wewe? Nimemzika mke wangu bila mtani. Nani alikutuma kulia? Umeniacha pale makaburini mpaka leo."

Shomari alizilaza karata zake chini.

"Nilikuja nimejiandaa," alisema. "Hata la kusema nikiwa shimoni nilikuwa nalo. Nilipoliona jeneza nikakumbuka nilivyofika Tabora hii sina ndugu, sijui hata pa kula. Shemeji ndiye aliyeniita ndani. Kila Jumapili ananipakulia mimi kwanza, kabla yako wewe. Nikashindwa, Anselm. Mwenzio nami nilifiwa."

Anselm alibaki na sita ya pau chini ya vidole. Siku zote hizo alikuwa amehesabu mfiwa mmoja tu. Hakuwahi kujiuliza Shomari alikuwa akila wapi Jumapili, wala nani alimpa pole. Na utani hauna upande mmoja. Ikiwa Mzaramo naye alikuwa na msiba, wa kumvusha alikuwa nani, kama si yeye Anselm? Kumbe na yeye alikuwa ameikimbia kazi yake. Aliona haya, akaiachia karata.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Ulidhani anakupenda? Alikupakulia kwanza ili ushibe upesi, uondoke."