Kipaza na Wale Walioitwa

Ukiingia ofisi yoyote ya serikali katika nchi hii, ukutani utakuta saa, kalenda, na pengine tangazo la kukataza kutema mate. Picha ya mtu hutaiona. Wageni hushangaa. "Kwani nyinyi uhuru wenu mliongozwa na nani?" huuliza. Hapo mtu mzima yeyote atavuta kiti na kuanza kusimulia habari za Kipaza.

Kipaza alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe. Kabla baruti haijawashwa, alipanda juu ya jiwe na kupiga ukelele, "Barutiii! Jificheniii!", na wenzake wote, hata wa shimo la mbali, wakakimbia. Miaka kumi na moja, hakuna aliyepoteza hata kidole. Kifua alichopewa na Mungu kilikuwa cha watu wanne. Lakini akifika nyumbani alitulia kama maji mtungini. Mkewe, fundi cherehani, aliwaambia mashoga zake, "Mume wangu sauti anaiacha kazini pamoja na sururu. Hapa analeta masikio tu."

Chama cha kudai uhuru kilianzishwa na karani wa posta, kijana mwembamba mwenye ugonjwa wa kifua. Akili yake ilikuwa wembe, ila sauti haikufika hata safu ya pili, na wakoloni walikuwa wamepiga marufuku spika za umeme mikutanoni. Basi Karani akamtafuta yule mtu wa machimbo. Akawa anasimama nyuma ya bega lake la kushoto, anamnong'oneza sentensi moja, naye anairusha mpaka mwisho wa kiwanja cha mpira. Ndipo watu wakambandika jina la Kipaza.

"Sharti langu ni moja, kaka," Karani alimwambia siku ya kwanza. "Usiongeze chumvi, usipunguze. Nikikosea, na wewe kosea."

"Niongeze? Ya kwangu nitayatoa wapi, ndugu yangu?"

Walifanya hivyo miezi minane. Mwezi wa tisa Karani alishikwa na homa Jumanne, Alhamisi wakamzika. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Jumamosi ilikuwa na mkutano. Mkoloni aliyetawala wilaya, watu walimwita Bwana Wilaya, hakufuta kibali. Alitaka waje, wakute hakuna wa kuwaambia neno, warudi makwao wakijua mambo yamekwisha. Asubuhi Katibu wa chama, muuza spea za baiskeli, aliingia kwa Kipaza jasho likimtiririka.

"Leo utahutubia wewe."

"Nihutubie nini?"

"Chochote! Sauti yako wameizoea. Wakiondoka leo mikono mitupu, hawarudi tena, na chama ndio basi."

"Kwa nini usiseme wewe?"

"Mimi? Nikiona watu kumi tu magoti yanagongana!"

Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani. "Nenda, baba watoto. Mungu hakukupa kifua hicho kwa ajili ya mawe peke yake."

Saa tisa alasiri kiwanja kilikuwa kimefurika. Kipaza akapanda juu ya meza. Kwa mazoea, akainamisha sikio la kushoto nyuma, kupokea sentensi. Nyuma hapakuwa na mtu. Akangoja. Watu wakaliona lile sikio linavyongoja, wengine wakaanza kulia. Askari aliyesimama langoni alitazama saa yake akatabasamu. Kule pembeni watu walianza kujikung'uta vumbi, wainuke.

Karibu na meza alikaa mama mmoja mfagiaji wa hospitali, amenyoosha miguu. Akamwambia jirani yake, wala si kwa sauti, "Wodi ile nimeifagia miaka ishirini. Mwanangu alipougua, tulilazwa sakafuni."

Sikio la Kipaza likadaka. Kinywa chake, bila kumwomba ruhusa, kikarusha: "Wodi ile nimeifagia miaka ishirini! Mwanangu alipougua, tulilazwa sakafuni!"

Waliokuwa wakiinuka wakakaa. Mama akashika mdomo. "Ewe! Si maneno yangu hayo?"

"Ni yako, mama. Endelea."

Akaendelea. Alipomaliza akasimama fundi wa reli, kisha mjane, kisha mpishi. Aliyekuwa mbali kule kwenye goli alisema lake, likapokelewa mdomo hadi mdomo mpaka likafika mezani, na Kipaza akalirudisha kwa wote. Mmoja akasema anadai uhuru na pia mkewe aache kukoroma. Nalo likarushwa lilivyo, kiwanja kizima kikaangua kicheko. Miaka yote Kipaza aliyapigia mawe kelele na mawe hayakumjibu. Leo alisimama mbele ya mlima, na mlima ulikuwa unasema.

Jumatatu aliitwa kwa Bwana Wilaya. Faili lilikuwa wazi mezani.

"Kiongozi wenu sasa ni nani?"

"Simjui, bwana."

"Maneno ya Jumamosi uliyasema wewe!"

"Niliyasema, lakini si yangu."

"Ya nani?"

"Lipi, bwana? La kukoroma?"

Bwana Wilaya akapiga meza. "Waliosema Jumamosi, wote, waje hapa!"

Sasa Kipaza, mtu akishatoa neno mbele yake, alijua kazi moja tu. Akatoka hadi barazani, akavuta pumzi kama siku za baruti.

"Waliosema Jumamosi, wote, waje hapaaa!"

Cherehani za mtaa wa pili zikanyamaza. Nyundo za karakana ya reli zikanyamaza. Kisha wakaanza kuonekana. Mfagiaji alikuja na fagio lake mkononi. Fundi wa reli alikuja na mafuta hadi kwenye viwiko. Katibu naye alikuja, magoti yakigongana, lakini alikuja. Barabara ikajaa, ikapita duka la mkate, ikapita posta, mpaka askari wa lango la ofisi akajikuta amebanwa ukutani na hakuna anayemgusa. Bwana Wilaya alitoka na kalamu yake. Akatazama wale watu, akatazama nafasi ya jina moja kwenye karatasi yake.

Kipaza naye akawatazama. Hakuwahi kuwaona kwa karibu hivi, wote kwa pamoja, na hakuna aliyewapanga isipokuwa Mungu. Katikati yao alimwona mkewe, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mama watoto, na wewe? Jumamosi hukuja kiwanjani."

"Sikuja."

"Basi umeitikia nini? Wameitwa waliosema."

"Nilikuwa nasema nikiwa nashona," mkewe akajibu, akapanda ngazi za baraza, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto. "Inamisha sikio."