Ushanga wa Kulwa

Juzi kliniki ya Masumbwe nilikaa jirani na mama mmoja kijana mwenye mapacha mapajani, na binti yake mkubwa, wa miaka mitatu hivi, akimvuta kanga. Nikamnong'oneza mwenzangu, kwa sauti ya kusikika, kwamba wanawake wa siku hizi ni legelege. Mimi nimelea saba huku nalima mpunga.

"Shikamoo bibi," yule mama akasema. "Basi nishikie hawa nimpeleke dada yao chooni. Kulwa ameshachomwa sindano, bado Doto."

"Marahaba. Nenda, mwanangu, hao kwangu mchezo."

Kuwafunua niwapepee, naona mmoja ana ushanga kiunoni, mwenziwe hana kitu! Kwetu Wasukuma mapacha hawabaguliwi. Ukimpa huyu, mpe na yule. Nikaukata uzi, nikaugawa, kila mmoja nikamfunga wake. Nikajiona mtu wa maana.

Mama aliporudi akashika kichwa. "Bibi wewe! Ushanga ndiyo alama ya Kulwa!"

Nesi akaita. Achomwe yupi? Nesi aliposogea, mmoja akaangua kilio, mwingine akamchekea. "Anayecheka ndiye Doto," nesi akasema, akamkagua paja: halina alama. Akamchoma.

Mama hakunigombeza. Alimwinamia tu binti yake mkubwa: "Kaa hapa umwangalie bibi, asiwaguse tena wadogo zako."

Mtoto akanishika kanga, hakuniachia mpaka tulipoondoka.