Baiskeli ya Kupandia Bonga

Bosi wetu, mama mwenye tanuri la mikate pale mjini, alituletea baiskeli mbili za umeme. Moja ilikuwa na mota katikati ya tairi la nyuma: unabonyeza, inasukuma. Ya pili, mota ilikaa kwenye pedeli na kuvuta cheni, kwa hiyo nguvu yake ilipitia kwenye gia kama nguvu ya miguu. Mimi nilikuwa napeleka mikate Bonga, kilimani. Mwenzangu alipeleka Nangara, njia isiyo na mlima wa kutisha. Hata mbuzi angejua nani apewe ipi.

Lakini mimi nina aibu. Bosi alipouliza, "Nani anataka ipi?" nilitazama kandambili zangu. Nilipoinua kichwa, mwenzangu alishakalia yenye gia.

"Dogo, hii ya wanaume," alisema. "Wewe chukua hiyo, inajiendesha yenyewe."

Wiki nzima nikapanda Bonga na ile ya tairi. Kwenye tambarare ilikuwa tamu, kimya, haina mambo mengi. Kilimani, na kreti mbili nyuma, ilipungua nguvu mpaka kuku wakanipita, na mota ikawa ya moto kama sufuria ya chai. Nilishuka nikasukuma.

Mwenzangu naye, gia zake zilipoanza kuruka, akafanya tunachofanya wote huku: akaenda kwa fundi, gia zikang'olewa, cheni ikafupishwa, ikabaki gia moja, ile ndogo ya kukimbilia kwenye tambarare. Nilikuwepo. Niliona wanang'oa kitu kile kile kilichoifanya iweze mlima.

Fundi akaniuliza, "Au unasemaje?"

"Poa tu," nikasema.

Kesho yake nilimfuata bosi na sentensi niliyoitunga usiku kucha.

"Shikamoo mama. Naomba leo mwenzangu apeleke Bonga, maana baiskeli yake ndiyo ya kilima."

"Marahaba. Kumbe unaongea!" Akakubali.

Mwenzangu aliondoka kwa mbwembwe. Mimi nilimaliza Nangara haraka nikaenda kumchungulia. Katikati ya kilima mota ilikuwa inalia, na yeye amesimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, hasogei. Mama muuza mboga alikuwa anamtazama.

"Mwanangu, hiyo mikate ni ya leo au ya Jumapili?"

Aliponiona akapaza sauti, "Kaka! Tubadilishane!" Kumbe nilishakuwa kaka.

"Nitafikiria," nikasema.

"Ufikirie nini? Watu wanasubiri mikate!"

Nikafikiria. Nikakaza kamba ya kreti ambayo haikuwa imelegea.

"Sawa," nikasema mwishowe. "Ila kwanza gia zote zirudi. Na kwa bosi ukaseme wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye unayejua kuongea."

Alikwenda akasema, kichwa chini, na bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Jumatatu fundi alirudisha gia, nikapewa baiskeli hiyo, mwenzangu akachukua ile ya tairi. Nilipanda Bonga kwa gia nyepesi, miguu ikizunguka kama ya fundi cherehani, mota ikinung'unika taratibu bila kuchoka. Nilifika mikate ingali na joto.

Tukikutana kwenye lami ya tambarare, mwenzangu ananipita akipiga honi, tairi lake halitoi hata sauti. Namwacha apite. Pale ananiweza kweli.