Mashine Kubwa, Mshahara Ule Ule

Kombaini mpya ililetwa Timau juu ya lori, na kichwa chake cha kukatia kikafuata nyuma kwenye lori la pili, maana hakuna barabara ambayo ingevipitisha vyote vikiwa vimeunganishwa. Nilitumwa kuisindikiza. Pale Makutano tulifunga njia mpaka madereva wakaanza kututukana. Nilitembea mbele na kitambaa chekundu, nikiwafukuza watu wa bodaboda, na nakiri kwamba nilijiona mtu mkubwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi aliniuliza kama hiyo ilikuwa ndege. Nikamwambia ni mashine ya kuvuna ngano.

"Na nani ataiendesha?"

"Mimi."

"Basi watakulipa vizuri," akasema, akanipa ndizi moja bure, kama mtu anayeweka akiba kwa tajiri wa kesho.

Nami nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeendesha kombaini ndogo kwa miaka mingi, Narok, Uasin Gishu, kisha hapo Timau, nikihama kila msimu na begi moja na cheti changu cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kuomba kukiona. Kombaini yangu ya zamani ilikuwa imeuzwa kama chuma chakavu. Hii mpya ilikata ngano kwa upana wa mara tatu.

Meneja alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea kilimo chuo kikuu. Alinikaribisha ofisini na kunipa mkono.

"Hongera, mzee. Tumekupandisha cheo. Utapata jaketi mpya."

"Na mshahara?"

"Wa siku, kama kawaida. Kazi si ni ile ile? Unakaa, unashika usukani."

Nilichukua jaketi. Kule kuna baridi na sikutaka kujidanganya kwamba nitaikataa. Lakini nilitoka pale nikihesabu ekari kichwani.

Watu wasiovuna ngano hudhani tunaanza kazi alfajiri. La. Ngano ya Timau huamka imelowa umande, na ukiikata ikiwa hivyo inajisokota ndani ya mashine kama nguo zilizofuliwa. Kwa hiyo tulikuwa tukifika shambani saa moja, tukapaka grisi, tukakagua mikanda, kisha tukakaa kusubiri mpaka saa nne, wakati mwingine saa tano. Kila nusu saa mmoja wetu alikwenda kuvunja suke, akaweka punje kati ya meno na kuuma. Ikibonyea, tunaendelea kukaa. Ikilia ka!, tunawasha. Maisha yangu yote ya vibarua sijapata baraza nzuri kama zile saa tatu za kusubiri umande, na mpaka leo nikiwa mahali penye joto nazikumbuka.

Tulikuwa madereva wawili tu. Mwenzangu alikuwa mzee kutoka Embu, karibu na miaka sitini, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hapo Timau, na aliniita baite, yaani rafiki kwa Kimeru. Yeye alibaki na kombaini ndogo iliyosalia. Alitafuna muguka tangu asubuhi, mimi nilitafuna miraa, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kwa majani anayokula.

Asubuhi moja redio ya simu yake ilisema marubani wa nchi fulani wanabishana na kampuni yao, kwamba anayerusha ndege kubwa alipwe zaidi ya anayerusha ndogo. Niliruka kutoka kwenye tairi nilipokuwa nimekaa.

"Umesikia? Hata marubani!"

"Nimesikia, baite. Lakini rubani akikosea anaua watu. Wewe ukikosea unaua ngano."

"Nikimeza jiwe moja kwa ile mashine, msimu wa shamba zima umekwisha. Na kwa siku ninavuna kazi ya watu watatu. Nataka nilipwe kwa ekari."

"Kwa ekari." Alitema majani. "Na mimi je?"

"Wewe pia kwa ekari."

Akaniangalia kama vile mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyeandika upuuzi kwa mwandiko mzuri.

"Mashine yako inaingia wapi?" akauliza.

"Huku juu, tambarare."

"Na kule kwenye mteremko, karibu na mto?"

Kombaini kubwa haikuweza kuingia kule. Ingepinduka.

"Kule naingia mimi," akasema. "Kule naendesha kwa matako, baite. Macho yanaona ngano tu, lakini matako ndiyo yanajua mashine imeanza kulala upande gani. Kwa siku navuna kidogo na jioni miguu inatetemeka. Unilipe kwa ekari, watoto wangu watakula jaketi yako."

Nilikasirika, kwanza kwa sababu alikuwa amesema kweli, na pili kwa sababu alikuwa amesema kweli huku akicheka. Mimi niliyejiona mpigania haki nilikuwa karibu kumwibia mzee wangu mwenyewe. Tulibishana mpaka punje ikalia, tukaenda kazini, na kesho yake tukabishana tena. Siku ya tatu nikatoa karatasi yenye mistari nikaandika, maana kati yetu mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko. Niliandika maombi mawili: nyongeza kwa mashine kubwa, kwa ekari. Nyongeza kwa mteremko, kwa siku. Tukaweka sahihi wote wawili chini ya yote mawili.

Meneja alikuja shambani asubuhi ya siku iliyofuata. Mlima ulio juu ya shamba ulikuwa umeanza kuvaa mawingu mapema, na ngano ilikuwa imekomaa kiasi cha kuanza kumwaga punje. Alisoma akiwa amesimama.

"Moja naweza kuipeleka kwa mwenye shamba," akasema. "Hii yako. Mashine ni kubwa, naelewa. Lakini mteremko? Mteremko umekuwepo siku zote. Mzee hajawahi kulalamika."

"Nilikuwa nalalamika kwa Kiembu," mzee akajibu.

Meneja hakucheka. Akanigeukia. "Kata hilo la pili, tukubaliane sasa hivi. Uwashe mashine."

Nitasema ukweli: nilitaka kukubali. Nilikuwa na kipande cha ardhi nyumbani kisichokuwa na ua, na mwili uliochoka kuhamahama. Mzee aliona. Akamimina chai kwenye kifuniko cha themosi na kusema taratibu, "Chukua, baite. Mimi sitakununia."

Kama angenitukana, labda ningechukua.

Nikatoa ufunguo mfukoni nikauweka juu ya karatasi, mkononi mwa meneja. "Yote mawili, bosi, au hakuna."

"Unajua kuna mvua?"

"Naiona."

Akamgeukia mzee. "Basi panda wewe. Mashine kubwa, kwa nyongeza yake."

Mzee alipanda ngazi. Akakaa kwenye kiti, akakizungusha huku na huku, akafungua na kufunga mlango wa kioo, kisha akashuka akijishika kiuno.

"Kiti ni kizuri sana," akasema. "Mungu ambariki aliyekishona. Lakini ninyi mnataka kununua watu wawili kwa bei ya mmoja."

Hapo meneja akachemka. "Mnadhani hii ni ndege? Nitaiendesha mwenyewe!"

Akaiendesha. Na sikumcheka kwa kuwasha wala kwa kukata kona, alijua hayo. Lakini aliogopa mawe. Shamba lile lina mawe yaliyojificha, na sisi tuliyajua moja moja, yeye hakuyajua hata moja. Kwa hiyo aliinua kichwa cha mashine juu, akaenda hivyo mpaka mwisho wa shamba, akakata nusu ya masuke na kuacha nusu yamesimama nyuma yake. Wanawake waliokuwa ukingoni, wale wanaoruhusiwa kuokota masalio baada ya mavuno, walisimama na magunia yao, hawakuamini macho yao. Kisha mmoja akapaza sauti:

"Bosi, Mungu akupe maisha marefu! Endelea hivyo hivyo!"

Wengine wakapiga vigelegele. Alikwenda na kurudi mara mbili. Kisha akazima, akashuka, akaangalia ngano yake, akaangalia mlima. Alikuja kwetu na vumbi kwenye nyusi.

"Hii karatasi nitaweka sahihi wapi?"

"Chini ya yote mawili," nikamwambia.

Tulivuna siku hiyo na zilizofuata mpaka mvua ikatufukuza, na tulilipwa kama ilivyoandikwa, mimi kwa ekari, mzee kwa mteremko wake. Sitaki mtu adhani tulishinda milele. Karatasi ilikuwa ya msimu mmoja. Msimu uliofuata simu yangu haikulia. Nilisikia wamempata dereva kutoka Nakuru anayeendesha ile kubwa kwa mshahara wa siku. Namhurumia, simlaumu. Nilikwenda zangu Narok na begi langu, na ua wa shamba langu bado haujakamilika. Watu wa nyumbani husema kichwa changu ni kigumu. Ni kigumu, naam, na ndicho ninachokitegemea.

Mzee aliitwa tena, kwa kuwa hawakupata mtu mwingine wa kushuka kule mtoni. Alinipigia akiwa huko kuniuliza kama nitachukia akiwavunia. Nilimwambia avune, ana watoto shuleni, lakini asishuke bondeni kwa bei ya tambarare.

"Wewe unadhani niliwaambia nini?" akasema. "Mashine imesimama hapa tangu jana. Mimi nimekaa, nakunywa chai yao."